Wimbo Ndani ya Kisa: Mhadhara juu ya Muziki katika Filamu za Kihindi

Nimeombwa niseme juu ya muziki katika filamu. Maudhui hayo ni mapana mno kwa jioni moja, na kwa sababu hiyo nimechagua fungu moja tu, ninalolijua na kulipenda tangu utoto, nalo ni muziki wa filamu za Bara Hindi, hasa zile za Bombay, tangu zilipopata sauti mwaka 1931 hata kufikia miaka ya sabini.

Sijachagua fungu hili kwa mapenzi peke yake. Katika filamu zote za kigeni zilizoletwa pwani yetu, hizi ndizo zilizokaa mioyoni mwa watu. Katika majumba ya senema ya Unguja kama Empire, Majestic na Sultana, na ya Dar es Salaam kama Avalon na Empress, watu wasiojua hata maneno kumi ya Kihindi walikaa saa tatu nzima wakicheka na kulia pamoja na waigizaji, kisha wakatoka wakiimba njiani. Jambo la namna hiyo lataka kuelezwa, wala halielezeki kwa kusema kwamba watu walipenda mavazi na michezo.

Kusudi langu ni kuijibu hukumu moja ambayo wenye elimu wameirudia mara nyingi, kwamba nyimbo katika filamu hizo ni kikwazo, kwamba kisa huenda vizuri, ghafula mtu huanza kuimba bustanini, na kisa husimama kumngoja amalize. Sikatai kwamba ziko filamu za namna hiyo, tena ni nyingi. Lakini nadai kwamba katika filamu njema za Bombay wimbo haukisimamishi kisa. Wimbo hukichukua kisa pale mazungumzo yaliposhindwa, ama kwa adabu, ama kwa khofu, ama kwa uzito wa jambo lenyewe, ukakivusha ng'ambo ya pili. Nitaleta hoja tano, wala hazitalingana kwa urefu, maana hazilingani kwa uzito.

1. Wimbo uliitangulia filamu

Wako wanaodhani kwamba watengenezaji wa filamu wa Bombay walitia nyimbo ili kuvuta fedha za makabwela. Tarehe haiwaungi mkono. Kabla filamu haijapata sauti, India ilikuwa na michezo ya jukwaani ambayo ndani yake kusema, kuimba na kucheza ilikuwa kazi moja isiyotengana. Na katika karne ya 19 makampuni ya michezo yaliyoanzishwa na Waparsi yalizunguka miji ya nchi ile yakichukua visa vya Kiajemi, vya Kihindi, hata vya Shakespeare, na kila kisa yakakivika mashairi na nyimbo. Kule Lucknow, katika enzi ya Nawabu Wajid Ali Shah, mshairi Agha Hasan Amanat alitunga mchezo wa Kiurdu uitwao Indar Sabha, ambao karibu wote ulikwenda kwa ushairi na uimbaji.

Basi ilipowadia tarehe 14 Machi 1931, Ardeshir Irani alipoonyesha Alam Ara katika jumba la Majestic mjini Bombay, nayo ndiyo filamu ya kwanza ya India yenye sauti, kisa chake kilikuwa kimetoka katika mchezo wa jukwaani, na ndani yake mlikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata kampuni ya Madan iliifanya Indar Sabha ile ile kuwa filamu, na nyimbo zake zilikaribia sabini au kupita. Siku zile mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, na wapiga ala walijificha nyuma ya mti au ukuta karibu naye, kwa kuwa picha na sauti zilinaswa kwa pamoja na hapakuwa na njia ya kuzitenga. Kwa mtazamaji wa Bombay, filamu isiyo na wimbo ndiyo ingehitaji kujieleza.

Mniwie radhi nitoke kidogo njiani, maana hapa pana jambo linalotuhusu wenyewe. Katika mwaka 1928, yaani miaka mitatu kabla ya Alam Ara, bibi mmoja wa Unguja alipanda meli na wenziwe kwenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Bibi huyo ni Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Taarabu ya Kiswahili ilinaswa katika mji ule ule, wakati ule ule ambao ufundi wa kunasa sauti ulikuwa ukijiandaa kuingia katika filamu. Kwa hiyo tunaposema juu ya Bombay na muziki wake, hatusemi juu ya nyumba ya jirani tuliyoipita kwa nje tu.

2. Sauti iliachana na uso

Mwaka 1935, kule Calcutta, katika studio za New Theatres, mwongozaji Nitin Bose na mtungaji wa muziki R. C. Boral walitoa filamu iitwayo Dhoop Chhaon, ambayo nyimbo zake zilinaswa kwanza peke yake, kisha waigizaji wakapigwa picha wakichezesha midomo kwa kuzifuata. Ufundi huo ulienea upesi, na baada ya miaka michache ndio uliokuwa kanuni ya India nzima.

Nawaomba mzingatie utaratibu wake, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo tofauti kubwa kati ya filamu hizi na nyingi za Magharibi. Max Steiner alipotunga muziki wa King Kong mwaka 1933, alipewa filamu iliyokwisha kupigwa picha, akaufuatisha muziki wake na nyendo za yule mnyama. Picha ndiyo iliyokuwa bwana na muziki ukamtumikia. Katika nyimbo za Bombay mambo yaligeuka. Mtungaji na mshairi huketi pamoja na mwongozaji, huelezwa kisa kimefika wapi na nani ana jambo gani moyoni. Mahadhi hutungwa, maneno hutiwa, mwimbaji na wapiga ala huingia studio, na wimbo hukamilika kabla kamera haijafunguliwa. Siku ya kupiga picha wimbo hupigwa kwa vipaza sauti, mwigizaji akauimba kwa midomo na mchezaji akaufuata kwa miguu. Urefu wa wimbo ndio huamua urefu wa onyesho. Pale fidla zinapoingia ndipo kamera inapogeuka. Pale beti inaporejea kwenye kiitikio ndipo uso wa mwigizaji unaporudi mbele yetu. Mwongozaji aliyeshika wimbo uliokamilika mkononi huipanga picha yake kama mshairi apangavyo maneno ndani ya mizani iliyokwisha kuwekwa, na mizani, kama mjuavyo, haimfungi malenga hodari bali humpa nguvu.

Ufundi huu ulizaa kitu kisichokuwapo kabla yake, yaani sauti isiyo na mwili, na mfano wake bora ni filamu ya Mahal ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Kamal Amrohi. Bwana mmoja anaingia katika jumba kuukuu usiku, saa inagonga, taa kubwa ya kioo inayumba, na kwa mbali inasikika sauti ya mwanamke akiimba juu ya mtu atakayekuja. Bwana yule anaifuata sauti. Mara yaonekana kuwa karibu, mara imetoweka. Ili kuipata athari hiyo, mwimbaji, Lata Mangeshkar, ambaye umri wake ulikuwa ukikaribia miaka 20, aliwekwa mbali na kipaza sauti, akaanza kuimba huku akikiendea hatua kwa hatua. Fikirini hekima ya jambo hilo: hofu yote ya kisa, na mapenzi yake yote, vimetiwa katika umbali baina ya mwimbaji na kipaza sauti. Laiti uimbaji ungalifungwa bado na kinywa cha mwigizaji aliyesimama mbele ya kamera, onyesho lile lisingaliwezekana.

Mtunzi wa muziki ule, Khemchand Prakash, alifariki mwaka huo huo kabla filamu haijatoka, asiuone ushindi wake. Na sahani ya wimbo ule ilipoanza kuuzwa, jina lililoandikwa juu yake halikuwa la Lata bali Kamini, jina la mhusika katika kisa. Wasikilizaji waliandika barua redioni wakauliza sauti ile ni ya nani. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa linaonyesha hatari ya ufundi wenyewe: sauti ikiachana na uso, ni rahisi mwenye sauti kusahauliwa. Hata tuzo za filamu ziitwazo Filmfare, zilizoanza mwaka 1954, hazikuwa na tuzo ya mwimbaji. Lata alikataa kuimba katika sherehe yao mpaka waimbaji watambuliwe, na tuzo hiyo ilipoanzishwa mwaka 1959, yeye ndiye wa kwanza kuipata, kwa wimbo wa filamu ya Madhumati. Msimamo ule wa bibi mmoja uliwafaa waimbaji wote waliomfuata.

3. Wimbo husema lisilosemeka

Sasa nafika kwenye hoja ambayo kwa ajili yake hasa nimesimama hapa, na nitakaa juu yake zaidi.

Katika jamii ambayo kijana hawezi kumwambia binti mbele ya watu kwamba anampenda, na binti hawezi kumjibu hata faraghani bila kuhatarisha heshima ya jamaa zake, na mtumwa hawezi kumwambia mfalme kwamba amekosea, mtungaji wa visa ana taabu kubwa. Akiwaacha wahusika wake waseme waziwazi, atakuwa amewatoa katika jamii yao, na watazamaji hawatawasadiki. Akiwanyamazisha, hatakuwa na kisa. Wimbo ndio uliomtoa katika dhiki hiyo. Katika desturi za nchi zile wimbo una ruhusa ambayo maneno matupu hayana, kwa kuwa mwimbaji anaweza kudai kwamba anaimba tu, kwamba maneno ni ya mshairi, kwamba habari ni ya watu wa kale. Na huku kila aliyeketi pale anajua inamhusu nani.

Tazameni Mughal-e-Azam, filamu ya K. Asif iliyotoka mwaka 1960 baada ya kutengenezwa kwa miaka mingi, kwa muziki wa Naushad na maneno ya Shakeel Badayuni. Kisa chake ni cha mwana wa mfalme, Salim, aliyempenda Anarkali, mchezaji wa barazani kwa babaye, Mfalme Akbar. Ndani yake mna maonyesho mawili ambayo kila mwanafunzi wa filamu angepasa kuyatazama tena na tena.

La kwanza ni la usiku bustanini. Salim na Anarkali wamekaa pamoja, na mtoto wa mfalme anampapasa mpenzi wake usoni kwa unyoya mweupe. Hawasemi. Si mbali nao, Tansen, yule mwimbaji mashuhuri wa baraza la Akbar, anafanya zoezi lake la usiku, na sauti yake ndiyo inayotanda juu ya wapenzi. Sauti tunayoisikia ni ya Ustadhi Bade Ghulam Ali Khan, mmoja wa waimbaji wakubwa wa muziki wa kale wa India, ambaye hakutaka kabisa kuimba katika filamu, akataja ujira wa rupia 25,000 kwa kila wimbo, akidhani kwamba kiasi hicho kitawafukuza, kwa kuwa waimbaji mashuhuri wa filamu siku zile walipata mamia tu, K. Asif akakubali papo hapo. Nasema fedha zile hazikupotea. Neno lolote ambalo Salim angelisema usiku ule lingekuwa dogo kuliko tendo lenyewe, na busu, kwa adabu ya watazamaji wale, lisingaliwezekana. Lakini sauti ya mzee yule inapopanda na kushuka kwa utulivu wa mtu asiye na haraka, sisi tulioketi gizani tunaambiwa mambo yote yaliyomo vifuani mwao, wala hapana aliyevunjiwa heshima.

La pili ni kinyume cha hilo. Anarkali ameamriwa acheze mbele ya mfalme katika ukumbi wa vioo, naye anatazamiwa kukana mapenzi yake mbele ya watu wote. Filamu, ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa ya rangi, inageuka hapa kuwa ya rangi. Mwanamke yule, Madhubala kwa uso na Lata kwa sauti, anaimba kwamba amependa, na apendaye hana sababu ya kuogopa. Naushad alitaka sauti ile irudi kwa mwangwi kutoka kuta za ukumbi, na husimuliwa kwamba, kwa kuwa vyombo vya kutengeneza mwangwi havikuwapo, Lata aliimbishwa bafuni. Mfalme anainua macho, naye anaiona sura ya mchezaji yule ikicheza katika kila kipande cha kioo cha dari, mamia kwa mamia, asiweze kuizuia hata moja. Mabwana na mabibi, angesema maneno yale kwa kinywa kikavu, angekatwa kichwa kabla ya sentensi ya pili. Lakini aliamriwa kuimba, na baraza lina adabu yake: mchezaji akianza, huachwa amalize. Mfalme amefungwa na desturi zake mwenyewe, analazimika kuketi na kusikiliza hukumu yake mpaka mwisho. Ni nani atakayesema kwamba hapa kisa kimesimama kuungoja wimbo? Wimbo ndio uasi wenyewe, na yote yafuatayo, gereza na vita vya baba na mwana, yameufuata.

Mfano mwingine ni Pyaasa, ya Guru Dutt, ya mwaka 1957, kwa muziki wa S. D. Burman na maneno ya Sahir Ludhianvi. Mshairi aliyedharauliwa anadhaniwa kuwa amekufa. Mashairi yake yanachapishwa, yanapata sifa, na wale wale waliomfukuza mlangoni wanafanya hafla ya kumkumbuka. Yeye mwenyewe anaingia na kusimama mlangoni mwa ukumbi, mikono ameitandaza pande mbili, mwanga uko nyuma yake hata uso hauonekani sawasawa, na kwa sauti ya Mohammed Rafi anaanza kuimba, polepole, kwa sauti ya chini, karibu ya mtu anayejisemea. Hakujitambulisha kwa jina. Ushairi wake ndio uliomtambulisha, kwa maana hakuna mwingine angeweza kuutunga. Na kadiri wimbo unavyopanda na ala zinavyoongezeka, ndivyo ukumbi unavyochafuka, mpaka fujo inazuka. Ingawa nimeiona filamu hii mara nyingi, sijaweza bado kulitazama onyesho hilo kwa moyo mkavu.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hoja hii na mtu yeyote. Nani katika ukumbi huu hajapata kumwona mwanamke, katika taarabu, akiinuka kitini wakati wa beti fulani, akaenda kwa mwendo wa madaha kumtunza mwimbaji, na noti ile mkononi mwake imesema na mtu aliyeketi safu ya tatu maneno ambayo yeye mwenyewe asingeyatamka hata kwa kuapishwa? Kwa watu waliolelewa katika mafumbo, filamu ya Kihindi haikuwa ya kigeni kama ilivyodhaniwa. Ndiyo sababu lugha haikuwa ukuta.

4. Ala bila maneno, na kimya

Hapa nitapita kwa mwendo wa haraka zaidi, na nitaomba ruhusa nitoke Bombay niende Bengal, kwa kuwa mfano bora uko huko. Katika Pather Panchali, filamu ya Satyajit Ray ya mwaka 1955, baba maskini anarejea nyumbani baada ya safari ndefu, amebeba sari ya kumpa binti yake Durga, wala hajui kwamba Durga amekufa. Mama anaishika nguo ile, anaiziba nayo midomo, kisha kilio kinampasuka. Lakini sauti inayotoka si ya mwigizaji. Ni ya ala iitwayo tarshehnai, ala ya nyuzi ipigwayo kwa upinde na iliyofungwa pembe ya kukuzia sauti, hata mlio wake ukawa mkali kama wa zumari. Ravi Shankar ndiye aliyetunga muziki wa filamu ile, na sehemu kubwa ilinaswa katika kikao kimoja kilichokesha. Kilio cha kweli kingetufanya tumhurumie mama yule mmoja. Mlio ule wa juu, usio wa kinywa cha mtu fulani, ulimlilia kila aliyepata kuzika mtoto.

Katika Sholay ya mwaka 1975, iliyotiwa muziki na R. D. Burman, mna kijana mhuni aitwaye Jai, na mjane kijana aliyevaa nyeupe aitwaye Radha. Desturi haiwaruhusu hata kuzungumza. Usiku yeye hukaa kibarazani akipuliza kinanda cha mdomo, na bibi yule huzima taa za jumba moja baada ya moja. Mahadhi yale mafupi ndiyo uchumba wao wote. Na katika filamu hiyo hiyo, jambazi Gabbar anapofika kuwaangamiza jamaa wa nyumba moja, kuna mahali ambapo hatusikii muziki bali mlio wa bembea. Burman, ambaye angeweza kuita fidla ishirini, alijua kwamba pale zingepunguza hofu. Najua kwamba wengi wa vijana wetu wanaotengeneza filamu leo huogopa kimya, wakakijaza kwa kinanda cha umeme tangu mwanzo hata mwisho, mpaka maneno ya waigizaji yakawa hayasikiki. Nawasihi walitazame onyesho lile la bembea.

5. Mahadhi yalivyovuka bahari

Muziki wa filamu haukubaki katika mapazia ya senema. Mwaka 1936 mwimbaji wa Misri, Umm Kulthum, alitokea katika filamu yake ya kwanza, Widad, ya Studio Misr ya Kairo, na miongoni mwa nyimbo zake mlikuwa na mmoja uliotungwa na Riyad al-Sunbati. Miaka 15 baadaye Raj Kapoor alitoa Awaara, filamu ya kijana mwizi na binti wa watu wakubwa, kwa muziki wa Shankar na Jaikishan. Na katika ndoto mashuhuri ya filamu ile, ambapo kijana anatoka katika moto na mashetani akapanda kumwendea mpenzi wake aliyesimama juu ya mawingu, mna wimbo wa kumkaribisha aliyerudi nyumbani ambao ndani yake wajuzi wengi wameusikia wimbo ule wa Kairo. Kisha Awaara ikaja kwetu, katika miji iliyokuwa imekwisha kuzisikia filamu za Kimisri na sahani zao, na ambayo tangu zama za Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, iliuhesabu muziki wa Kairo kuwa shule yake. Mahadhi yaliyotoka Misri yakafika Unguja kwa njia ya Bombay, yamevaa tabla.

Huku kwetu nayo yaliendelea kubadilika. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa alikuwa bingwa wa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na kwa miaka mingi arusi za Mombasa, Lamu na Malindi zilimsikiliza kwa mapenzi makubwa. Wako waliomlaumu yeye na wenziwe, wakasema kwamba kuchukua mahadhi ya watu ni uvivu. Lawama hiyo siikubali. Wimbo wa filamu una kiitikio na beti, na beti humrejesha msikilizaji kwenye kiitikio. Umbo hilo hupokea vina vyetu bila ya kuvivunja, lakini kuipata mizani iliyo sawa katika mahadhi yaliyotungwa kwa lugha yenye silabi ndefu na fupi ni kazi inayohitaji sikio la malenga wa kweli. Na waliolaumiwa kwa kuchukua wamechukua kutoka kwa mtu ambaye naye alichukua.

Bombay yenyewe ilijengwa kwa kuchukua na kupeana. Wapangaji wa ala katika studio zake, wale walioandika nota za fidla na tarumbeta, wengi walikuwa Wagoa, Wakristo waliolelewa katika muziki wa kanisa, kama Sebastian D'Souza. Na katika Baiju Bawra ya mwaka 1952, wimbo wa ibada ya Kihindu ulio maarufu kuliko nyimbo nyingi za namna yake ulitungwa maneno na Shakeel Badayuni, ukatungwa muziki na Naushad, ukaimbwa na Mohammed Rafi, wote watatu Waislamu. Hata serikali haikuweza kuyazuia mahadhi haya. Mwaka huo huo waziri wa habari wa India, B. V. Keskar, aliyeona kwamba nyimbo za filamu zinaharibu ladha ya watu, alizibana katika redio ya serikali. Wasikilizaji wakageukia Radio Ceylon ya Colombo, ambako Ameen Sayani aliwapigia nyimbo zile kila wiki, na ilipofika mwaka 1957 redio ya serikali ikalazimika kufungua idhaa mpya, Vividh Bharati, ili kuwarudisha.

Yaliyo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja kusifu mali ya wengine ili tuondoke tukiwa na wivu. Nchi zetu sasa zinatengeneza filamu kwa wingi, na Unguja ina tamasha lake la filamu za nchi za jahazi, ZIFF, tangu miaka ya tisini. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, na taarabu ndani yake haikutiwa kama pambo. Imo katika maisha ya watu wa kisa, kama ilivyokuwamo katika Unguja ya miaka ya hamsini. Huo ni mwanzo mwema, na nataka tuufuatishe kwa matendo.

Nataka kwanza mtungaji wa muziki aitwe siku mswada unapoanza kuandikwa, asiletewe filamu iliyokwisha na kuambiwa ajaze matundu. Tumeona kwamba nguvu ya nyimbo za Bombay ilitokana na kutangulia kwake. Nataka fedha za filamu, hata zikiwa chache, zigawiwe hata mwenye udi na mwenye fidla wapate fungu lao, na jina la mwimbaji na la mshairi liandikwe mwanzoni kwa herufi za ukubwa ule ule wa waigizaji, ili bibi yeyote asifichwe tena nyuma ya jina la kubuni. Nataka pia sahani za santuri zilizobaki katika majumba ya wazee wetu, za Siti na za waliomfuata, zikusanywe na kunukuliwa kabla hazijaharibika, kwa kuwa mtungaji wa filamu ya kesho atazihitaji kama mwandishi ahitajivyo kamusi. Na kama kuna mwenye sahani hizo katika hadhara hii, namwomba aonane nami kabla hajaondoka.

Vijana waliofunzwa kupiga kanuni na udi katika chuo cha muziki cha Unguja, Dhow Countries Music Academy, wapo, washairi hatukupungukiwa nao, na wapiga picha wetu wanazidi kuwa hodari mwaka hadi mwaka. Hawa watatu bado hawajaketi meza moja. Nimekwisha kuzungumza na baadhi yao, na mkutano wa kwanza wa kuandika mswada kwa namna niliyoieleza tutaufanya, inshallah, baada ya msimu huu wa kusi. Mlango uko wazi kwa kila mwenye kisa, mwenye beti au mwenye ala.